Kompyuta Ilivyovuka Mpaka



Kamati ilitutaka sisi walimu tuchangie habari za historia katika toleo hili la kumbukumbu. Wenzetu wamekwisha kueleza safari yetu, jinsi maelfu ya Wakenya walivyovuka Busia na Malaba mwezi wa Januari 2008, wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo huo wengi wakaletwa hapa Kiryandongo. Hatutairudia. Sisi tumechagua jambo ambalo halina mnara wala siku ya kuadhimishwa, yaani namna kompyuta ilivyotoka katika vyumba vya serikali ikawafikia watu wa kawaida, hasa huko mpakani tulikotokea. Tumelichagua kwa sababu hapa kambini ni vigumu kumpata mtu ambaye jina lake halimo ndani ya kompyuta, lakini waliowahi kuketi mbele ya kompyuta na kuitumia kwa shughuli zao ni wachache.

Tukumbuke kwamba katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa chumba kizima. Mashine zilikuwa na ukubwa wa kabati, chumba kilipozwa mchana na usiku, na mlangoni palikuwa na bawabu. Zilikuwa chache mno katika Afrika Mashariki yote, na wenyewe walikuwa serikali na mashirika makubwa. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Kazi zake hazikuwa za maajabu. Zilikuwa mishahara na hesabu za serikali. Makarani walitoboa matundu kwenye kadi ngumu, mashine ikazisoma kadi hizo moja baada ya nyingine, na mwishoni zikatoka karatasi ndefu zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mwananchi hakuiona kompyuta. Aliiona karatasi yake tu, na akiona kosa katika hiyo karatasi aliambiwa kwamba mashine haikosei.

Si kila mtu aliipenda. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, isipokuwa kwa kibali. Siku hizi vijana husikia habari hiyo wakacheka. Sisi hatuoni sababu ya kucheka. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mashine zilinunuliwa kwa bei kubwa, mafundi wakatoka nje, na mkulima wa pamba hakupata faida aliyoweza kuionyesha kwa kidole. Kosa la marufuku ile lilikuwa la wakati. Ilidumu hadi miaka ambayo kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilika. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya kuwekwa juu ya meza, na ile ya bei ya chini iliuzwa kwa dola 1,565. Fedha hizo mwalimu wa Tororo asingezipata, lakini ofisi ndogo, misheni au chuo viliweza kuzikusanya. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta, wakati Uganda yenyewe ilikuwa bado vitani.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapo ndipo kompyuta ilipomgusa kila mtu upande wa Kenya. Mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985, maswali mengi yalikuwa ya kuchagua jibu, A, B, C au D, na majibu yakasahihishwa kwa mashine. Wengi wetu tulioufanya tunakumbuka ile karatasi ya majibu. Tuliambiwa tutumie penseli ya kawaida, tusiikunje, tusiichafue, tusiweke alama yoyote nje ya visanduku. Mtoto wa Nambale au wa Amukura, ambaye shuleni kwao hapakuwa na umeme, alikuwa tayari anaandikia kompyuta ya Nairobi, tena katika jambo kubwa kuliko yote ya utoto wake. Hakuambiwa kwamba anaandikia kompyuta. Alijua tu kwamba mstari mmoja wa penseli ukiteleza, mwaka mzima unapotea. (Huku Uganda mtoto wa PLE huandika majibu yake mwenyewe na kusahihishwa na mwalimu aliye hai. Tumefundisha kwa mitaala yote miwili, na kila mmoja una taabu zake.)

Kwa hiyo sura ya kwanza ya kompyuta kwa watu wa kawaida ilikuwa ni kuhesabiwa. Ilitusahihisha, ilitutoza, ilitupangia. Kuitumia sisi wenyewe kulikuja baadaye, na kulikuja kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo ulikuwa ofisi ya kupiga chapa. Wazee wa Busia wanazijua ofisi hizo, chumba kimoja kando ya barabara iendayo mpakani, dada mmoja na taipureta yake, na foleni ya watu wenye karatasi mkononi. Mmoja anataka barua ya kuomba kazi, mwingine hati ya kuuziana shamba, mwingine kumbukumbu za mkutano wa chama cha akiba. Shuleni tulikuwa na mashine ya kudurufu ya stenseli, na mwalimu aliyekosea neno moja kwenye stenseli alitafuta ile dawa nyekundu ya kufutia au akaanza upya. Kompyuta za mezani zilipoanza kuingia katika ofisi hizo, katika miaka ya 1990 na iliyofuata, jambo lililowashangaza watu halikuwa kasi. Lilikuwa kwamba kosa linasahihishwa bila kuandika upya, na kwamba barua ya mwaka jana bado imo ndani ya diski. Mtu akirudi anabadilisha tarehe tu, analipa ukurasa mmoja, anaondoka.

Hapa tunaomba kusema jambo tunaloliamini. Vitabu vingi husimulia kwamba kompyuta iliwafikia watu kwa sababu bei yake ilishuka. Ni kweli ilishuka, lakini kwetu bei haikushuka kiasi cha mtu kununua. Kilichotokea ni kwamba kuna mtu aliigawa vipande vidogo. Mpakani tulikwisha kulijua jambo hili kwa baiskeli. Neno boda boda lilizaliwa huko huko, kwa vijana waliowabeba watu na mizigo kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita abiria kwa maneno ya Kiingereza ya mpaka hadi mpaka. Abiria wengi hawakuwa na baiskeli, na hawakuihitaji. Walihitaji safari moja. Ofisi ya kupiga chapa iliuza kompyuta kwa ukurasa. Saiba iliiuza kwa dakika. Simu ikaja kuiuza kwa ujumbe na kwa kifurushi cha siku. Haba na haba, kama sukari ya kupimiwa dukani.

Tuseme kidogo juu ya saiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua za kompyuta zilisafiri kwa subira. Nairobi na Makerere palikuwa na kompyuta chache ambazo zilipigiana simu na kompyuta za Ulaya kwa saa maalum, zikabadilishana furushi la barua na kukata simu haraka kwa sababu ya gharama. Wenzetu wa mashirika walio na umri wanakumbuka kwamba hata kwa redio ya upepo barua ziliweza kutumwa, polepole sana, kutoka mahali pasipo waya wa simu. Mwaka 1995 Kenya iliunganishwa na intaneti kamili. Baadaye zikaja saiba, Nairobi kwanza kwa bei ya matajiri, kisha miji midogo. Katika miaka ya 2000 bei ya shilingi moja kwa dakika ikawa ya kawaida Kenya. Kwa shilingi 20 kijana wa Busia aliweza kufungua anwani ya barua pepe, na kwa mara ya kwanza akawa na anwani isiyopitia sanduku la posta la shule au la kanisa. Uganda nayo ilifungua kituo cha mawasiliano cha jamii Nakaseke mwaka 1999, ambapo wakulima waliingia kama waingiavyo maktaba. Tunazitaja saiba kwa heshima, maana siku hizi zinadharauliwa. Walimu wengi wa rika letu walijifunzia kicharazio huko, wakitazama saa ukutani.

Wakati huo huo serikali zilikuwa zinaingiza kompyuta katika forodha, na mpaka ukabadilika. Zamani gari la mizigo lilisimama Malaba au Busia siku nyingi. Karani wa Kenya aliandika, karani wa Uganda akaandika upya yale yale, na baina yao palikuwa na mawakala, mihuri na nafasi nyingi za kupeana kitu kidogo. Uganda ilitumia programu ya forodha iitwayo ASYCUDA, iliyotengenezwa na Umoja wa Mataifa kwa nchi nyingi, na Kenya ikaanzisha yake, Simba, mwaka 2005. Kompyuta za pande mbili hazikusikilizana. Ndiyo maana mwaka 2007, pale Malaba, ulianzishwa mpango wa RADDEx wa kupashana habari za mizigo baina ya mamlaka za mapato za nchi hizi mbili, ili kilichoandikwa upande mmoja kisiandikwe tena upande wa pili. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wawili, Museveni na Kenyatta, Februari 2018. Lakini mama muuza nyanya hakuwa na wakala wala kompyuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimwekea cheti chepesi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ila cheti ni karatasi, na habari za kwamba kipo hazikumfikia kila mtu. Huduma za kuuliza bei za soko na ushuru kwa kubonyeza namba fupi kwenye simu ndogo zimewasaidia kina mama wa mpakani kuliko mashine kubwa za forodha. Hayo ni maoni yetu.

Basi tumefika kwenye simu, na hapa ni lazima tusimame. Celtel ilianza Uganda mwaka 1995 na MTN mwaka 1998. Kenya, Safaricom na KenCell ziliingia sokoni kwa nguvu mwaka 2000. Watu wa mpakani walijifunza mapema kuwa na laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, maana mtandao hausomi bango la mpaka. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Wachache waliitambua kuwa kompyuta, lakini ilikuwa hiyo hiyo. Mtu asiye na akaunti ya benki alikuwa anatoa amri kwa kompyuta kubwa iliyo mbali, kwa vidole vyake mwenyewe, na kompyuta ikamtii na kumpa risiti. Ile ya Wizara ya Fedha ya mwaka 1965 haikuwahi kumtii mkulima.

Miezi kumi baadaye nchi ikawaka. Wakazi wenzetu hawahitaji kuambiwa. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja. Barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, kadi za simu zikaadimika. Jamaa waliokuwa mahali penye utulivu waliwatumia wenzao kredi na fedha kwa simu, na kuna watu wanaosoma ukurasa huu ambao nauli yao ya kufika Busia ilikuja kwa njia hiyo. Simu hizo hizo zilibeba pia maneno ya chuki, yakipelekwa kwa makundi ya watu usiku kucha, na hilo tusilifiche. Katika siku hizo hizo za Januari 2008 watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza programu wakaiita Ushahidi. Mtu aliyeona nyumba inachomwa au barabara imezibwa aliweza kupeleka habari kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu, na habari ikawekwa kwenye ramani mahali pake. Programu hiyo ilitolewa bure kwa yeyote aitakaye, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Tunaipa Ushahidi nafasi kwa sababu moja. Tulipokuwa tunavuka mpaka na magodoro kichwani, kulikuwa na kompyuta mbili zinazotuandika. Moja ilikuwa ya wasajili. Walituuliza majina, tulikotoka na idadi ya watoto, na mtu alijibu aliyoulizwa tu. Nyingine ilikuwa ile ramani, ambamo mtu wa kawaida aliandika aliloliona yeye, bila kungoja kuulizwa. Mkimbizi amekuwa na ya kwanza siku zote. Ya pili ilikuwa mpya duniani, na ilitoka kwetu.

Mwaka uliofuata, 2009, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Waya wa kwenda Uganda ulifuata njia tunayoijua, ukapita mpakani Malaba na Busia, karibu na reli ile ile ambayo kupitia Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Nguo, saruji, petroli, na sasa intaneti, vyote vimepita mlango huo. Bei za intaneti zilianza kushuka. Mwaka 2011 Safaricom iliuza simu ya Huawei iitwayo IDEOS kwa kiasi cha shilingi elfu nane za Kenya, na simu zenye skrini ya kugusa zikaacha kuwa za mabwana. Serikali nazo zilikumbuka marufuku. Bajeti ya Uganda ya 2009 ilitangaza kuzuia kompyuta zilizokwisha kutumika, zile zile ambazo shule zilizitegemea. Kuanzia Julai 2018 hadi 2021 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtu atakayetumia mitandao ya kijamii. Na uchaguzi wa Januari 2021 ulipofika, intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima. Wakati wa namna hiyo, mtu anayeishi karibu na mpaka na mwenye laini ya Kenya hujua thamani yake.

Turudi hapa kambini. Mwaka 2018, kuanzia Machi hadi Oktoba, ulifanyika uhakiki wa wakimbizi wote nchini Uganda, Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, kwa alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Kabla ya hapo hesabu ilisema tuko kiasi cha milioni 1.4, na kulikuwa na tuhuma kwamba imetiwa chumvi. Uhakiki ulipokwisha ilikuwa takriban milioni 1.1. Hatuulaumu uhakiki. Hesabu ya uongo huiba chakula cha watu wa kweli. Lakini tuliona wazee ambao vidole vyao vimesuguliwa na jembe hata mashine haikuvisoma, ikabidi jicho litumike. Tuliona pia majina ya Kikenya, ya Kiacholi na ya Kikongo yakiandikwa na karani asiyeyajua, na mtoto akatoka na jina lisilofanana na la cheti chake cha shule. Jina likishaingia hivyo, kulitoa ni safari. Mwaka uliofuata, Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa hati zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kabla ya hapo wengi walitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au la mwenye duka, na fedha yao ikawa kwa kisheria ni ya huyo mwingine.

Katika madarasa yetu tunafundisha kicharazio kwa mchoro wa kadibodi, watoto wanabonyeza herufi zisizotoa sauti. Wengine hucheka wakituona. Hata hivyo mtoto aliyezoea kadibodi, siku atakapopewa kompyuta kwa nusu saa, hatapoteza nusu saa hiyo akitafuta herufi M. Nusu saa ni kipande kama vipande vingine tulivyovieleza.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua kompyuta zilizopo ni chache na sola ina mipaka yake. Kamati imekwisha kuandika maombi mawili, nasi tunayaweka hapa ili yasomwe na wote. La kwanza ni kwamba, siku za usajili, mtu asomewe kwa lugha anayoielewa yale yaliyoandikwa juu yake kabla hajaweka kidole, na apewe nakala iliyochapwa. La pili ni kwamba chumba cha kompyuta kifunguliwe pia jioni na siku ya Jumamosi, kwa zamu za nusu saa, na watu wazima waruhusiwe, si wanafunzi peke yao. Mama mmoja wa kikundi cha kusuka vikapu ameomba afundishwe kuandika orodha ya bei. Mzee mmoja anataka kuandika majina ya marehemu wa ukoo wake, yapata watu arobaini, kabla hajayasahau. Walimu watatu wamejitolea kusimamia zamu hizo bila malipo. Wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu wa kamati chini ya mwembe siku za Jumanne, waje na jina lao limeandikwa kama wanavyoliandika wenyewe.